Mkono wa Mama Luseno

Jirani yangu hapa Amalemba anafuga ng'ombe wa maziwa nyuma ya nyumba, na kila asubuhi kijana wake wa kazi hukata majani ya nepia kando ya ukuta wetu. Harufu ya majani mabichi ikiingia jikoni mwangu, mara nyingi chai hufurika nikiwa nimesimama papo hapo. Wengi wa rika langu husema harufu hiyo huwakumbusha nyumbani. Mimi hunikumbusha fahali aliyeitwa Askofu, na Jumamosi moja kwenye barabara ya Malinya, na watu wazima wema, waliompenda Mungu kwa kweli, ambao walijaribu kusameheana wakashindwa. Tangu tumzike baba miezi michache iliyopita, habari hiyo imekataa kunipa nafasi ya kufikiria jambo lingine.

Baba alimnunua Askofu akiwa ndama mwembamba, akamlisha nepia na pumba za mahindi mpaka akaota nundu na shingo nene. Jina alipewa na wanakijiji kwa sababu ya mwendo wake. Alitembea polepole, kichwa juu, akisubiri watu wampishe. Kwetu Jumamosi asubuhi ni ya mafahali. Wenye ng'ombe hutoka nao kwa ngoma za isukuti, vijana wakikimbia kando wakipunga matawi, majani yakipondeka chini ya miguu, mpaka uwanjani ambako fahali wawili husukumana kwa pembe hadi mmoja akimbie. Jumapili nayo ni ya Mungu. Baba alizipenda siku zote mbili na hakuona ugomvi wowote kati yake. Kanisani yeye ndiye aliyepiga ngoma, na akiipiga, hata wazee wenye magoti mabovu walisimama.

Mchungaji wetu aliona ugomvi huo vizuri sana. Alisema kuwa mafahali huandamana na pombe, waganga na matusi, na kwamba Mkristo atakayeonekana akiongoza fahali kwenda uwanjani atawekwa nje ya ushirika. Kuwekwa nje hakukumaanisha kufukuzwa. Kulimaanisha kuketi kwenye benchi moja ndefu karibu na mlango, bila kushiriki Meza ya Bwana na bila kazi yoyote ya kanisa, mpaka utubu mbele ya watu wote na upokewe. Mimi nilikuwa darasa la kwanza na niliiogopa benchi ile. Niliamini kuwa Yesu akirudi ataanza na sisi wa mbele, na mlango utafungwa kabla hajafika kwa wale wa nyuma. Baba hakuogopa benchi kwa ajili ya jehanamu. Aliogopa kunyang'anywa ngoma.

Ng'ambo ya ua wetu wa michongoma alikaa Mama Luseno, mjane, mkubwa wa akina mama kanisani. Alikuwa na watoto wawili tu. Luseno alikuwa kijana mkubwa aliyekaribia kumaliza shule ya msingi, na Mmbone alikuwa rafiki yangu, tuliyekalia dawati moja. Pamoja nao aliishi mama mkwe wake, ajuza tuliyemwita Kukhu, ambaye hakuokoka na hakuwa na haja ya kuokoka. Sikumbuki siku ambayo mimi na Mmbone tuliulizana tutakula wapi. Obusuma, ugali wetu, ilipoiva upande wowote wa ua, tulinawa na kula. Luseno alimpenda Askofu kupindukia. Alikuja asubuhi na mapema kumkatia nepia kabla ya shule, na baba alimwita msaidizi wa askofu, jambo lililomfanya Mama Luseno acheke na kukemea kwa pamoja.

Jumamosi hiyo baba aliamua kumtoa Askofu. Alisema ni mara ya mwisho, na labda ilikuwa kweli. Alishika kamba yeye mwenyewe, vijana wakamzunguka wakiimba, Luseno akiwa karibu kabisa. Mimi na Mmbone tulikatazwa kufuata, kwa hiyo tulifuata kwa mbali. Tulipofika mahali ambapo shamba la miwa linabana barabara pande zote mbili, nikamwona mchungaji akija mbele yetu kwa baiskeli, Biblia imefungwa nyuma kwa mpira. Baba alimwona kabla yangu. Alimpa Luseno kamba, akasema maneno fulani sikioni mwake, akaingia kwenye miwa.

Mchungaji alikuwa akienda kumwombea mgonjwa. Hakuwa akimwinda mtu. Alipokaribia kundi akapiga kengele ya baiskeli apishwe, na Askofu, aliyezoea kamba yake ishikwe na mkono mmoja tu tangu akiwa ndama, akageuka ghafla. Mengine sikuyaona, kwa sababu vijana walikimbia na kunifunika. Nilichoona ni viatu vya baba kati ya mashina ya miwa, vikiwa vimetulia, kisha vikaanza kukimbia. Pembe ilimpata Luseno, akafa kabla hatujapata gari la kumpeleka hospitalini. Askofu akachinjwa siku hiyohiyo na ami zangu, na hakuna mtu wa kwetu aliyekula nyama ile.

Baada ya mazishi wazee wa koo zote mbili walikuja. Kwetu mtu akifa kupitia mikono ya mtu mwingine, hata kama ni ajali, nyumba hizo mbili hazili pamoja mpaka kondoo achinjwe kati yao, na wazee wazipatanishe juu ya damu yake. Anayekula kabla ya hapo, husemwa, anakaribisha kifo kingine. Baba akawa tayari kutafuta kondoo. Mchungaji akaomba kuzungumza. Aliwaambia kwa upole kwamba nyumba zote mbili zimeokoka, na damu iliyohitajika ilishamwagika msalabani, haiwezekani Mkristo aseme haikutosha. Mama Luseno akakubaliana naye. Alikuwa kiongozi, na wanawake wote walimtazama. Kukhu peke yake alisonya akatoka nje.

Kwa hiyo jambo likapelekwa kanisani. Jumapili iliyofuata kanisa lilijaa hadi madirishani. Baba aliitwa mbele, akasimama bila koti, mikono imening'inia. Nilitarajia atasema amemwongoza fahali, kwa maana hilo ndilo lililokatazwa. Hakusema hivyo.

"Mimi ni mwoga," alisema. "Nilimwogopa pasta kuliko Mungu. Nikapatia kijana wa wenyewe kamba, mimi nikaingia kwa miwa. Luseno alikufa kwa nafasi yangu."

Mchungaji alikuwa akilia waziwazi. Alifunua mahali Yesu anapofundisha kuhusu kusamehe bila kuhesabu, akasoma, kisha akamwita Mama Luseno kwa jina la Bwana, kama mama wa kanisa, aoneshe mfano. Nakumbuka alichukua muda kuinuka. Wanawake wawili waliokuwa kando yake walimshika viwiko, na hata sasa sijui kama walikuwa wakimtegemeza au wakimsukuma. Akaja mbele na leso yake kichwani, akanyoosha mkono kabla hajamfikia baba, kama mtu anayetembea gizani.

"Nimemsamehe," akasema haraka. "Nimemsamehe kwa jina la Yesu."

Wakashikana mikono. Kanisa likalipuka kwa nyimbo, mtu mwingine akipiga ngoma ya baba vibaya, na watu wakakumbatiana hata wale ambao hawakuwa wamekosana. Mama yangu alicheka na kulia. Mimi nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tena ndani ya kanisa lolote. Mwalimu wetu wa shule ya Jumapili alikuwa ametufundisha kwamba Mungu akisamehe, dhambi hufutwa kabisa, haipo tena, ni kana kwamba haikutendeka. Nilikuwa mtoto aliyesikiliza. Nilifikiria hivi: kama kosa la baba halipo tena, basi na kilichotokana na kosa hilo hakipo. Mambo yangerudi yalivyokuwa kabla ya barabara ile. Sikumwambia mtu yeyote, maana niliona ni jambo lililo wazi na kwamba ndilo walilokuwa wakiliimbia.

Kesho yake nilitoka shuleni nikavuka ua. Mama Luseno alikuwa jikoni akisonga obusuma, Kukhu ameketi mlangoni akichambua mboga. Mmbone alifurahi kuniona. Nikanawa, nikapewa sahani kama zamani, nikamega tonge. Kukhu alinishika mkono kabla tonge halijafika mdomoni.

"Kondoo iko wapi?" akauliza, si mimi bali mkaza mwanawe. "Kuna mwenye ameona kondoo hapa? Huyu mtoto hawezi kula kwa hii nyumba."

"Mwache ale, mama," Mama Luseno akajibu. "Mimi nilishasamehe. Watu wote walisikia."

Walibishana kwa muda, Kukhu kwa Kiisukha cha kwetu na Mama Luseno kwa Kiswahili cha kanisani, kana kwamba kila mmoja alikuwa akitetewa na lugha yake. Mwishowe Kukhu aliniachia mkono akajigeuzia ukutani. Mama Luseno akaniongezea mboga. Nilimwona akiwa upande wangu, nikampenda sana wakati ule, na kwa sababu nilimpenda nikamwuliza nilichokuwa nacho moyoni tangu jana.

"Mama Luseno, kwa vile umeshasamehe, Luseno atakuja saa ngapi?"

Hakunipigia kelele. Aliweka mwiko chini. Alinitazama muda mrefu kwa macho ya mtu anayetafuta mahali pa kukanyaga, kisha akainama, akachukua sahani mbele yangu kwa mikono miwili, akatoka nayo na kumwagia kuku. Akarudi mlangoni, akasimama nje bila kuingia.

"Enda kwenu, Imali," akasema.

Nilimkuta baba akitia mpini kwenye jembe. Nikamweleza yote, hata swali langu, kwa kuwa sikuona ubaya wake. Aliniomba nirudie lile swali. Nikarudia. Baba akatazama jembe kama kitu ambacho hajawahi kukiona, halafu akaniuliza kama nilikuwa nimeshiba. Mama ndiye aliyenichukua ndani na kunifafanulia kwamba Luseno hatakuja leo wala kesho. Nililia kwa uchungu kwa sababu nilihisi nimedanganywa na watu wote kwa pamoja, pamoja na Mungu, na hakuna aliyeweza kunionesha uongo ulikuwa sehemu gani.

Baba alinunua kondoo hata hivyo. Alimfunga nyuma ya nyumba, akaenda kwa wazee, akaenda kwa mchungaji, akaenda hadi kwa Mama Luseno mwenyewe na kusimama nje ya ua. Mchungaji alimsihi asiikane damu ya Kristo. Wazee walisema hawawezi kuchinja kama upande wa pili umekataa. Na Mama Luseno alikataa. Akikubali kondoo, alimwambia, atakuwa amekiri kwamba alichosema madhabahuni kilikuwa uongo, naye hakusema uongo, alisema alichoambiwa na Yesu. Kila mmoja wao alikuwa na haki, kwa jinsi ninavyoona sasa. Hakuna aliyekuwa na chuki. Kondoo yule alikaa kwetu akazeeka, sufu yake imejaa vishada vya majani makavu, tukimfunga na kumfungua kila siku bila kumpeleka popote, hadi akafa mwenyewe.

Na baba akaenda kuketi kwenye benchi ya mlangoni. Hakuna aliyempeleka. Kanisa lilikuwa limempokea mbele ya mashahidi, na mchungaji alimfuata mara kwa mara akimwomba arudi kwenye ngoma. Baba alimshukuru na kubaki alipokuwa. Waliowekwa nje kwa sababu ya pombe au mke wa pili walikuja wakaketi karibu naye, wakatubu, wakapokewa, wakahamia mbele, naye akawapa nafasi wengine waliokuja. Nilipokuwa msichana mkubwa nilimwonea aibu, baadaye hasira. Nilimwuliza anangoja nini. Alisema yeye mwenyewe aliwahi kukosana na ami yangu juu ya mpaka, wakapeana mikono na mikono hiyo ilikuwa moto. Mkono aliopewa mbele ya kanisa ulikuwa baridi, akasema, na hamlaumu mwenye mkono.

Mimi na Mmbone tulizungumza kupitia michongoma kwa muda, tukipitishiana vipande vya penseli na mbegu za kuchezea bao. Vyakula hatukupitisha. Kisha tukakua, michongoma nayo ikakua, na siku moja nikagundua kwamba ni muda mrefu sijamsikia. Aliolewa huko Chekalini. Wanawake wa kanisa walijaribu kumwita mama yake Mama Mmbone, wakidhani wanampunguzia uchungu, lakini hakuitika mpaka waliporudia jina la mwanzo.

Baba alipoanza kuugua nilikuwa nikienda nyumbani kila wikendi. Alitaka kiti chake kiwekwe mlangoni, akitazama njia. Hakutaja jina la mtu. Lakini nilimfahamu, na Jumamosi moja nikavuka kwa Mama Luseno, mara ya kwanza tangu utotoni, nikamwambia baba hana siku nyingi. Alinisikiliza akiwa amesimama. Aliniahidi atakuja kesho baada ya ibada. Kesho ikapita, na nyingine, na baba akawa bado anaomba kiti kiwekwe palepale, mpaka asubuhi ambayo hakuomba tena. Nilikasirika. Naandika hivi bila kuona haya, nilimkasirikia mjane aliyezika mwana wake wa kiume wa pekee, nikamkasirikia kwa nguvu zangu zote, kwa sababu ilikuwa ni hatua chache tu kuvuka ua ule na hakuzivuka.

Siku ya mazishi alikuja. Nilikuwa nimejificha nyuma ya nyumba, nimechoka kupewa pole, ngoma na nyimbo zikiendelea kule mbele penye jeneza. Nikamwona akija taratibu akishika ukuta, amekuwa mdogo, leso imelegea. Hakunipa mkono. Aliketi kwenye gogo la kuni, nami nikabaki nimesimama.

"Nilikuwanga nakuja," akasema. "Nafika kwa geti yenu, miguu inakataa. Naambia Mungu, unaona, nimekuja. Halafu narudi."

Akaendelea kwa sauti ndogo, akitazama mikono yake. Alisema kuwa alijaribu kila asubuhi kwa miaka hiyo yote. Alifunga na kuomba, akawaongoza wanawake wengine kuwasamehe waume na wakwe zao, wakafaulu mbele ya macho yake. Yeye alipoisali Sala ya Bwana na watu, akifika pale tunapoomba tusamehewe kama tunavyosamehe, alifunga mdomo, maana aliogopa kwamba siku hiyo Mungu angemsikia na kumfanyia alivyoomba. Hakumchukia baba, alisema. Hata alimwonea huruma. Lakini kila alipomtazama aliona viatu vilivyosimama kwenye miwa, ingawa hakuwahi kuviona, alivisikia tu kwa watu.

"Sasa ameenda," akasema. "Yeye ndiye nilikuwa napaswa kusamehe, na ameenda. Nitasamehe nani? Mzee wako alinikalia kwa ile benchi akiningojea, na mimi nilikuwa namwona. Wewe ndiye mtoto wake. Nisamehe, Imali."

Nilimwona alivyokuwa, mwanamke mzee mwenye hofu ya hukumu, aliyetumikia kanisa maisha yake yote na bado haoni kama ataingia mlangoni. Nikamhurumia. Na chini ya huruma ile hasira yangu ilikuwepo vilevile, haikusogea hata kidogo. Akilini nilimwona baba mlangoni na kiti chake. Kule mbele wakabadilisha wimbo, na nikajua wataniita hivi karibuni, na kwamba kuna jambo ambalo binti wa marehemu, Mkristo, hutarajiwa kulisema.

"Nimekusamehe, Mama Luseno," nikasema.

Akainua uso. Macho yake hayakuwa na faraja, yalikuwa yakinihurumia.

"Usiseme haraka, mwanangu," akasema. "Mimi nilisema haraka."

Nikataka kusisitiza kwamba ni kweli, kwamba imetoka moyoni. Badala yake nikaketi kwenye gogo kando yake, nikamwambia bado sijamsamehe. Nikamwambia nataka, ila bado, na sijui itakuja lini.

Mama Luseno akaitikia kwa kichwa.

"Haya," akasema. "Sasa tuko wawili."

Akaushika mkono wangu, nami nikamwacha aushike. Tukakaa hivyo mpaka tukaitwa kaburini.